Laiti Mama Angeishi Miaka Kumi

Kule Mongolia hodi hupigwa kwa mbali, mgeni akiwa bado hajaukaribia mlango. Neno lenyewe ni "Nokhoi khor!", yaani shikeni mbwa wenu, na husemwa hata kwenye kaya isiyofuga mbwa. Dereva wetu alilipaza mbele ya mahema mawili meupe ya duara, karibu na mto Orkhon. Akatoka bibi mmoja aliyevaa joho refu la samawati, akakinga jua kwa kiganja, akaanza kutuuliza: kiangazi chenu kinapita salama? Mifugo imenenepa? Mimi mtoto wa Kilwa, niliyelelewa kwa salamu zinazopitia habari za watoto, za wagonjwa na za shamba kabla ya kufika kwenye shida yenyewe, nilihisi nimefika kwa watu ninaowajua. Wajukuu wake walimwita *emee*, bibi, nami nikamwita hivyo hivyo.

Nilikuwa nimekwenda kule na swali la tangu utotoni. Dirisha la chumba cha bibi yangu, Kilwa Masoko, linatazama mkondo wa bahari, na ng'ambo yake ndipo kilipo Kilwa Kisiwani, penye magofu ya msikiti mkuu na ya kasri la Husuni Kubwa. Babu alikuwa akituonyesha kwa fimbo: pale walikaa masultani waliopokea dhahabu ya Sofala. Babu sasa ni marehemu. Bibi yupo, na dirisha lake lipo. Mtoto anayekua akitazama gofu huanza mapema kuuliza: mji ule usingalianguka, ingalikuwaje?

Nilipokuwa sekondari nilisoma kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri na sultani wake kwa ukarimu. Miaka michache baadaye msafiri huyohuyo alikuwa katika nyika za kaskazini, kwa Özbeg Khan, Mwislamu wa ukoo wa Genghis Khan, akitazama mji mzima ukitembea: watu juu ya magari ya farasi, misikiti na masoko ndani ya msafara, na moshi wa jikoni ukipanda angani kwa sababu watu wale walipika huku wakisafiri. Macho yaleyale yaliuona mji wetu wa mawe na mji wao wa magurudumu. Tangu siku hiyo gofu letu likapata ndugu, nami nikatamani kwenda kumwona.

Ukitoka Ulaanbaatar kuelekea magharibi, nyumba huisha na majani yakaanza. Nimeizoea Serengeti, ambako mgunga mmoja hapa na mwingine pale hulipa jicho mahali pa kupumzika. Nyika hii haina mgunga. Kilima hufuata kilima, vyote vimeota kijani kifupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa juma lililopita, na vivuli vya mawingu hupita juu yake polepole kama mifugo inayorudi zizini. Nchi ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.5 na watu wapatao milioni 3.5 tu, na karibu nusu yao wanaishi katika jiji hilo moja tulilolipa kisogo. Mifugo ni zaidi ya milioni 50. Kutwa nzima sikuona uzio.

Nilimweleza dereva habari za wafugaji wetu: jinsi Mmaasai leo anavyopitisha ng'ombe kati ya shamba la huyu na boma la yule, na jinsi ukame ukiingia tunavyosikia ugomvi wa wakulima na wafugaji kutoka Kilosa na kwingineko, mara nyingine hadi watu kupoteza maisha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa wao wanahamia wapi?" Nilitazama nje ya dirisha. Swali lake nimerudi nalo nyumbani.

Dereva naye alikuwa na historia yake ya mambo ambayo yangalikuwa. Aprili 1241, majeshi ya Wamongolia yalishinda vita viwili vikubwa ndani ya siku chache, Legnica huko Poland na Mohi huko Hungaria. Desemba mwaka huohuo Ögedei, mwana wa Genghis aliyerithi kiti chake, akafariki, na mwaka uliofuata jeshi likageuza farasi. Wapo wanahistoria wanaotaja pia malisho yaliyoharibiwa na maji. Kwa dereva sababu ni moja. "Khan angeishi miaka mitano tu," alisema, mkono mmoja ukiacha usukani, "tungenywesha farasi kwenye Atlantiki."

Nilimsikiliza kwa heshima, kwa kuwa najua alikotoka. Chini ya utawala wa kikomunisti, Genghis hakutajwa kwa sifa hadharani. Mwaka 1962, ilipotimia miaka 800 ya kuzaliwa kwake, kiongozi mmoja wa chama aliyeunga mkono maadhimisho alivuliwa madaraka. Leo sanamu yake yenye urefu wa mita 40 inang'aa juani mashariki ya jiji. Mtu aliyenyimwa babu yake muda wote huo ana haki ya kumtaja mara kwa mara. Lakini mimi ni Mwislamu, na moyoni mwangu upo mwaka mwingine: 1258, Hulagu, mjukuu wa Genghis, alipoingia Baghdad, Khalifa Al-Musta'sim akauawa na wakazi wasiohesabika pamoja naye. Himaya ambayo isingaligeuza farasi kule Hungaria ingaliangusha Baghdad ngapi nyingine? Nikamwambia hivyo. Aliitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Ni kweli. Na mji wetu mkuu wa zamani, Karakorum, tulichomewa pia." Tukaenda mwendo mrefu bila mtu kuongeza neno.

Karakorum unaoutafuta huuoni. Utakachokiona ni ukuta mweupe wa monasteri ya Erdene Zuu, iliyojengwa mwaka 1585 kwa mawe ya mji uliokufa, na nje yake, katikati ya majani, kobe mkubwa wa jiwe. Zamani alibeba nguzo ya maandishi mgongoni. Nguzo haipo, limebaki shimo lake, na watu wamemfunga kitambaa cha hariri ya samawati shingoni kama mzee wa heshima. Nilimwekea mkono mgongoni. Jiwe lilikuwa na joto la jua, kama kuta za Husuni Kubwa saa tisa mchana, na nusura nimtolee salamu za nyumbani.

Mji wenyewe upo ndani ya jumba la makumbusho, umejengwa upya kwa udogo wa meza. Mkalimani wetu, binti aliyesomea lugha chuo kikuu, alinizungusha. Ögedei aliujengea ukuta mwaka 1235. Mwaka 1254 alifika William wa Rubruck, mtawa Mfransisko, akahesabu mahekalu kumi na mawili, misikiti miwili na kanisa moja. Niliinama kutafuta ile misikiti miwili. Miaka minne kabla ya Baghdad kuangushwa, adhana ilikuwa ikisikika katika mji mkuu wa ukoo wa mwenye kuiangusha.

Kisha binti akatoa noti ya tugriki 5,000 mkobani. Upande mmoja ana Genghis. Upande wa pili upo mti wa fedha uliosimama mbele ya kasri la Khan, kazi ya Guillaume Boucher, sonara wa Paris aliyetekwa huko Hungaria. Chini yake simba wanne wa fedha walitema maziwa ya farasi, na kutoka kwenye mabomba yake yalitiririka mvinyo, pombe ya asali na pombe ya mchele. "Utazame vizuri," aliniambia. "Kwenye mti huu, kinachotoka nyikani kwetu ni maziwa tu. Vingine vyote vililetwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa historia yake yeye. Rashid al-Din, mwanahistoria wa Uajemi wa zama za Wamongolia, ameandika kwamba mikokoteni 500 ya vyakula na vinywaji iliagizwa kuingia Karakorum kila siku kutoka majimboni. Mji ulikuwa na mdomo lakini hauna shamba. Möngke Khan alipofariki vitani Sichuan mwaka 1259, ndugu zake wawili, Kublai aliyekuwa China na Ariq Böke aliyekuwa nyumbani, kila mmoja aliitisha baraza lake na kila mmoja akatangazwa Khan. Kublai akaifunga njia ya nafaka kutoka China. Mwaka 1264 Ariq Böke akasalimu amri. Huko Uajemi Hulagu alikuwa amekwishaingia vitani na binamu yake Berke, na jeshi dogo aliloliacha Shamu lilikuwa limevunjwa na Wamamluki wa Misri kule Ain Jalut, Septemba 1260. Tangu hapo jina la himaya lilikuwa moja na wenyewe wakawa wanne.

"Walikuwa na sheria ya mwizi wa farasi," alisema binti, "lakini hawakuwa na sheria moja ya mrithi." Kwa maoni yake kila kitu kingine kilikuwepo: vituo vya farasi wa kupokezana vilivyomfikisha mjumbe kutoka ukingo mmoja wa dunia hadi mwingine, kibao cha ruhusa kilichofungua njia, na baraza la kumchagua Khan. Hata baada ya ugomvi wa miaka arobaini, koo ziliweza kupatana mwaka 1304, ingawa amani ile haikukaa. Kama baraza lile lingaliwekewa utaratibu usiopindishwa na mwenye jeshi kubwa, alisema, misafara ingaliendelea kutoka China hadi Bahari Nyeusi, na Karakorum ungalibaki mji wa dini zote. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo lililotokea kweli. Nilimwamini zaidi ya nilivyomwamini dereva. Kisha tukaenda kwa emee.

Mlango wa hema, *geri* kwa lugha yao, hutazama kusini. Ukiingia, kushoto kwako kunaning'inia mfuko wa ngozi ya ng'ombe wenye maziwa ya farasi yanayochachuka, na mchi wa mbao umejitokeza mdomoni mwake. Kila aingiaye huusukasuka mara kadhaa kabla ya kuketi. Hakuna anayekuamuru, unamwona aliyekutangulia, nawe unashika. Nilishika. Maziwa yalifanya sauti kama mawimbi madogo yanayopiga ubavu wa dau lililotia nanga. Maziwa yale yanahitaji kusukwa mara nyingi mno ili yakolee, na mikono ya kaya peke yake haitoshi. Kwa hiyo kinywaji cha kila nyumba kina nguvu za jirani, za mchunga aliyepita kuuliza habari za farasi aliyepotea, na siku ile kikawa na nguvu za mtu wa Kilwa.

Kinywaji kikiwa tayari, *airagi*, huwa na kileo kidogo, nami kileo sinywi. Binti alipomweleza, emee hakukunja uso. Alinitolea bakuli la mtindi kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, nikalipokea kama tunavyofundishwa pwani kupokea kitu cha mkubwa. Kiangazi chao ni msimu wa vyakula vyeupe: malai mazito kama kitambaa kilichokunjwa, jibini iliyokaushwa juani hadi ikawa ngumu ya kung'ata kwa jino la pembeni, na vipande vya unga vilivyokaangwa ambavyo mtu wa Tanga angeviita mandazi bila kusita. Chai yao ina maziwa na chumvi. Bakuli la kwanza nilikunywa kwa adabu, la tatu niliomba mwenyewe.

Jioni tulimtazama mkwewe akikamua farasi. Mtoto wa farasi huletwa kwanza anyonye kidogo, mama alegee, ndipo avutwe kando na mkamuaji apige goti. Emee aliniuliza nimefuata nini mbali hivyo. Nikamwambia swali langu, pamoja na majibu ya dereva na ya binti. Alicheka kwanza.

"Hao wanaozungumzia majeshi na mabaraza hawajazaa," alisema. "Laiti Sorghaghtani angeishi miaka kumi zaidi."

Jina hilo nilikuwa nimelisoma nikapita. Yeye alilitamka kama jina la shangazi. Sorghaghtani alikuwa mke wa Tolui, mwana mdogo wa Genghis. Mumewe alipofariki mwaka 1232 alikataa kuolewa tena ndani ya ukoo, akalea wana wanne: Möngke, Kublai, Hulagu na Ariq Böke. Alikuwa Mkristo, na bado alitoa fedha za kujenga madrasa ya Waislamu huko Bukhara. Mwaka 1251 alimwona mkubwa wao akikalia kiti cha enzi. Mwaka uliofuata akafariki. Ilipofika mwaka 1260 wanawe wawili walikuwa wameshikiana silaha.

"Mbele ya mama," aliuliza emee, "nani angemfungia ndugu yake chakula?"

Akanikumbusha kisa ambacho kila mtoto wa Mongolia anakijua, cha Alan Gua, mama mkuu wa ukoo wa Genghis. Aliwapa wanawe watano mshale mmoja mmoja wauvunje, wakauvunja. Kisha akafunga mitano pamoja, wakashindwa. Nikamjibu kwamba kwetu tunasema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Alitikisa kichwa. Maneno mazuri, alisema, lakini mtu anaitazama mishale na kumsahau aliyeifunga.

Usiku ule usingizi ulichelewa. Nilikuwa nikiwafikiria baba mkubwa na baba mdogo, ambao hawajasalimiana tangu arubaini ya babu kwa sababu ya shamba la minazi.

Kwa mila yao, mwana mdogo ndiye anayerithi hema la baba na moto wake. Ariq Böke alikuwa mdogo. Ndiyo maana alikuwa nyumbani, na ndiyo maana naye alikuwa na hoja. Kitindamimba wa emee hakuwepo. Majira ya baridi ya 2023 kuamkia 2024 yalikuja na *dzudi*, barafu inayofunika majani kama kifuniko cha chungu, na mifugo zaidi ya milioni 7 ikafa nchini kote. Katika zizi la emee ilikufa zaidi ya nusu. Kijana akaenda jijini kutafuta kibarua. Sasa serikali inataka kujenga mji mkubwa mpya katika bonde hilihili la Orkhon, mpango uliotangazwa mwaka 2022, na dereva alipoutaja macho yalimng'aa: Karakorum inarudi. Emee aliutazama moto. "Mji ukija, mwanangu atarudi karibu nami," alisema. "Lakini farasi watakwenda kulisha wapi?" Furaha na hofu vilikaa katika sentensi moja, na hakujaribu kuvitenganisha.

Asubuhi alitutolea mzigo mdogo wa jibini kavu tumpelekee kijana. Gari lilipoondoka alisimama na mwiko, akanyunyiza maziwa hewani nyuma yetu ili njia iwe njema.

Tulimkuta kijana katika vilima vya pembezoni mwa Ulaanbaatar, ambako maelfu ya familia zilizotoka nyikani zimesimamisha mahema yao. Na huko ndiko nilikouona uzio: mbao ndefu, bega kwa bega, kila hema limefungiwa peke yake. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake, jiko katikati, mlango kusini. Kushoto kwa mlango palikuwa patupu. Alipokea mzigo kwa mkono wa kulia, akaunusa, kisha swali lake la kwanza likawa, "Mliisuka airagi?" Nilimwambia nimesuka. Akacheka kicheko cha mama yake.

Nimerudi Kilwa na majibu matatu ya swali moja. La dereva lilihitaji miji mingine ianguke, na hilo siwezi kulitamani. La binti naliheshimu. Kila ukoo na kila nchi ingefaa kuandika mapema nani atakaa wapi. La emee ndilo linaloniamsha usiku, kwa sababu halikuomba mengi. Liliomba miaka kumi ya mwanamke mmoja, awepo tu, aketi kati ya wanawe.

Kwa wana wa Sorghaghtani miaka hiyo haikupatikana. Bibi yangu bado anaketi kwenye dirisha lake. Macho yamepungua, ila magofu ya ng'ambo anayaonyesha kwa kidole bila kukosea. Nilimpelekea kipande cha jibini, nikamsimulia habari ya wale ndugu wanne na mama yao. Alikimumunya muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia niwapigie simu wanawe, baba mkubwa na baba mdogo, kila mmoja nimwambie mama anakuita Ijumaa baada ya sala, na nisimtaje mwingine.

Nimewapigia. Wote wamesema watakuja. Pilau, bibi amesema atapika mwenyewe.